Vyeti vya Bure, Mtoaji Mmoja Mkubwa na Ankara za Matapeli

Tarehe 4 Juni 2025, Let's Encrypt, inayotoa bure vyeti vya usalama vya tovuti, yaani hati za kidijitali zinazothibitisha tovuti na kulinda mawasiliano yake, iliacha kutuma barua pepe za kuwakumbusha wenye tovuti kwamba vyeti vyao vinakaribia kuisha muda. Kwa hesabu za W3Techs, wanaokusanya takwimu za teknolojia za tovuti, vyeti vya huduma hii isiyo ya kibiashara, yenye makao yake Marekani, ndivyo vinavyotumika katika zaidi ya nusu ya tovuti zenye vyeti. Sababu ilizotoa zinaeleweka: wateja wengi huhuisha vyeti kwa programu inayojiendesha yenyewe, barua hizo ziligharimu makumi ya maelfu ya dola kwa mwaka, na haikutaka kuendelea kutunza mamilioni ya anwani za watu. Lakini mtoaji mwenye sehemu kubwa kiasi hicho ya soko anaponyamaza, ni haki kuuliza ni nani atakayesema badala yake.

Ukubwa huo haukupatikana kwa hila. Kabla ya huduma hii kufunguliwa kwa umma Desemba 2015, mwenye tovuti ndogo kwa kawaida alilipia cheti kila mwaka ili mawasiliano kati ya wageni wake na seva (kompyuta inayohifadhi tovuti) yasimbwe, yaani yasisomeke na mtu mwingine njiani, na wengi, wakiogopa gharama na usumbufu, waliacha tovuti zao bila ulinzi wowote. Kuanzia Julai 2018 kivinjari cha Chrome kilianza kuzitambulisha tovuti za namna hiyo kuwa si salama, na kama vyeti vya bure visingekuwapo, shule, misikiti, makanisa na nyumba za wageni zingelipa au zingebaki na doa hilo. Wala malipo hayakuwa dhamana ya ubora. Symantec ilikuwa miongoni mwa majina makubwa ya biashara hii, lakini mwaka 2017, baada ya kasoro katika utoaji wa vyeti vyake, Google ilitangaza kwamba Chrome itaacha kuviamini hatua kwa hatua, na biashara hiyo ikauzwa kwa DigiCert, kampuni nyingine ya vyeti.

Hata hivyo, wanaohofia soko kuegemea upande mmoja wana hoja nzito. Mwishoni mwa Februari 2020 iligundulika kwamba programu ya Let's Encrypt haikuwa ikikagua ipasavyo rekodi ambamo mwenye jina la kikoa (jina ambalo tovuti hufunguliwa kwalo) hutaja ni mtoaji gani anayeruhusiwa kumpa cheti. Vyeti takriban milioni 3 vilipaswa kubatilishwa. Muda uliowekwa ulipowadia, zaidi ya milioni 1 vilikuwa bado vinatumika, na ikaamuliwa viachwe kwanza ili tovuti nyingi zisivurugike kwa mpigo. Naukubali uamuzi huo, ila unaonyesha kwamba kanuni hulegezwa kwa mkubwa, kwa sababu kuishikilia kungewaumiza wasio na kosa. Kinachonipa imani ni kwamba utaratibu wa kuomba na kuhuisha vyeti, ACME, ni kiwango huria, yaani kanuni ya kiufundi ambayo yeyote anaweza kuitumia, tangu 2019, na watoaji wengine, wakiwamo Google Trust Services na ZeroSSL, wanautumia. Fundi wa seva anaweza kumhama Let's Encrypt kwa kubadilisha mipangilio michache tu.

Wanaoumia zaidi kwa sasa ni wenye tovuti wanaoandikiwa na matapeli. Barua ya aina hii hutaja jina la kikoa lako bila kukosea, husema cheti kimeisha au kitaisha tarehe fulani, huonya kwamba wageni watafungiwa mlango, kisha huweka kitufe cha kulipia kwa kadi. Kinachomshtua mpokeaji ni kwamba tarehe yenyewe inaweza kuwa ya kweli. Tangu 2018 Chrome hudai kila cheti kipya kinachoaminiwa na umma kiandikwe katika daftari za wazi, ambazo yeyote anaweza kuzipekua na kuona jina la kikoa, mtoaji na siku ya mwisho. Daftari hizo zina faida kubwa, kwani kupitia hizo mwenye tovuti hugundua cheti kilichotolewa kwa jina lake bila idhini yake, na sitaki zifungwe. Lakini zinampa tapeli taarifa zote anazohitaji, na anwani ya barua pepe ya mwenye tovuti, kama ile inayoanza na «info», anaibuni mwenyewe.

Je, kusitishwa kwa vikumbusho kumemsaidia tapeli? Kwa upande mmoja kumeondoa barua halisi ambayo mpokeaji angeweza kuilinganisha na ya uongo. Kwa upande mwingine kumeifanya kazi ya kutambua iwe nyepesi: barua inayojidai imetoka Let's Encrypt na kudai malipo ya kuhuisha cheti ni ya uongo moja kwa moja, maana vyeti vyake havijawahi kuuzwa. Mimi naegemea upande huu wa pili, kwa sharti moja, kwamba mwenye tovuti anajua cheti chake kimetoka wapi. Aliyenunua cheti kwa kampuni ya kibiashara atapata ankara za kweli, kwa hiyo kumwambia afute kila barua ni kumpoteza. Abofye alama iliyo kushoto mwa anwani katika kivinjari, asome jina la mtoaji, kisha aingie katika akaunti yake mwenyewe bila kupitia kiungo chochote cha barua.

Wengi hawajui hata kwamba wana cheti, kwa sababu kampuni inayohifadhi tovuti ilikiweka kimya kimya. Hapo ndipo lawama yangu inapoangukia. Chini ya ratiba iliyopitishwa Aprili 2025, muda wa juu wa cheti ulipangwa kushuka hadi siku 200 kuanzia Machi 2026, 100 kuanzia Machi 2027 na 47 kuanzia Machi 2029, na kwa kasi hiyo kuhuisha kwa mkono hakutawezekana kwa walio wengi. Kampuni zinazohifadhi tovuti, za Dar es Salaam na Nairobi zikiwamo, zinapaswa kumwandikia kila mteja, tangu siku ya kwanza na kwa lugha anayoisoma vizuri, ni nani aliyetoa cheti chake, kwamba kinajihuisha chenyewe, na iwapo kuna senti yoyote atakayodaiwa kwa ajili yake.