Karani Aliyemkatisha Bosi

Jumanne, huku ughaibuni ninakotengeneza programu siku hizi, tulikuwa kwenye kikao cha kukusanya mahitaji ya mfumo wa kompyuta wa ghala. Meneja wa upande wa mteja ananieleza utaratibu wao: oda inatoka, mzigo unafika, ankara inafuata, kazi imekwisha. Nami naandika tu. Karani wa ghala, binti mdogo aliyeketi mwisho wa meza, akamkatisha: "Siyo hivyo. Mzigo huja nusu nusu, na ankara mara nyingi hutangulia." Meneja akageuka, "Kumbe?" Basi. Hakuna aliyenuna.

Nilifuta ukurasa mzima kwa furaha. Nilishapanga kila oda ifungwe kwa mzigo mmoja. Kosa hilo lingegundulika siku ya makabidhiano, tungebomoa majedwali ya data na kuanza upya.

Mnajua nyumbani ingekuwaje. Karani asingeitwa. Hata angeitwa, angeandika kumbukumbu za kikao na kunyamaza. Bosi angesema "sawa, endeleeni", sahihi, muhuri, makofi. Miezi sita baadaye karani yuleyule ana daftari lake chini ya kibodi, kazi anaifanyia humo, na mfumo wetu unawashwa wageni wakija.

Nawasikia: "Huyu kapanda ndege juzi, leo anatufundisha kazi." Tulieni. Sijasema huku ndiko kwenye akili. Kuhamisha kitufe kimoja kutoka kushoto kwenda kulia kumenila fomu ya maombi ya mabadiliko, vikao viwili na wiki tatu. Nyumbani mteja angenipigia usiku, asubuhi kimehama. (Ndiyo, bila malipo. Hilo tusilifungue leo.) Na lile tamko la Agile, la wale watengeneza programu 17 waliokutana Utah, Marekani, mwaka 2001, linalosema kushirikiana na mteja kuna thamani kuliko kuvutana juu ya mkataba? Huku wamelibandika ukutani, na chini yake wanavutana juu ya mkataba.

Mwingine atasema ni adabu, mdogo hamkosoi mkubwa mbele za watu. Sawa, nami nimelelewa hivyo na sijaacha. Lakini adabu haikatazi kumfuata karani ghalani baada ya kikao, ukakaa pembeni yake saa mbili ukamtazama anavyopokea mzigo. Miaka yote niliyofanya kazi nyumbani, nilikwenda mara ngapi? Moja. Tena nilikuwa nimerudia chaja niliyoisahau, ndipo nikaliona lile daftari.