Gari la kukodi Costa Rica: ni lazima liwe 4x4?

Ukitangaza kwamba unakwenda mapumziko Costa Rica na utakodi gari, ushauri wa kwanza utakaopewa ni huu: chukua 4x4, barabara za kule si mchezo. Ushauri huu una umri wake. Ulizaliwa enzi njia ya kupanda Monteverde ilikuwa changarawe na makorongo, na enzi barabara ya pwani kati ya Quepos na Dominical ilikuwa vumbi na mawe. Leo zote mbili zina lami. Ushauri umebaki palepale, na wakodishaji hawana sababu ya kuusahihisha, maana 4x4 ndiyo inayowaingizia zaidi.

Niseme mapema nimesimama wapi. Kwa safari nyingi za wiki moja au mbili, 4x4 ni fedha anayotoa mgeni ili alale usingizi, na usingizi wenyewe hauna kinga kwenye mkataba. Hata hivyo wanaoitetea hawabahatishi, na hoja yao inastahili kusikilizwa hadi mwisho.

Tuanze na ramani. Wageni wengi hutua uwanja wa Juan Santamaría ulio Alajuela, jirani na San José, kisha huzunguka sehemu zilezile: La Fortuna chini ya volkano ya Arenal, Monteverde kwenye msitu wa mawingu, halafu Manuel Antonio baharini. Njia ya 27 kwenda upande wa Pasifiki ni ya kulipia na ni nzuri. Njia ya 34 inafuata pwani kupitia Jacó na Quepos hadi Uvita, lami tupu. Anayetua Liberia, kaskazini, anakuta barabara kuu ya Interamericana yenye njia nne kushuka hadi Cañas. Kipande kinacholeta ubishi ni cha kutoka Tilarán, ng'ambo ya ziwa Arenal, kupanda Santa Elena, mji wa Monteverde: sifa yake ni mashimo na mawe. Hapo ukienda polepole utapita, lakini ukiwa na gari la chini utakuwa ukisikiliza sampo, chombo cha oili chini ya injini, ikigonga mawe muda wote.

Na hapa ndipo watu wanapochanganya mambo mawili. Gari kuwa juu ni jambo moja, na magurudumu yote manne kuvuta ni jambo jingine. Mashimo na mawe yanadai gari la juu. Tope, mchanga laini na mlima mkali wenye utelezi ndivyo vinavyodai 4x4. Kwenye orodha za wakodishaji, magari mengi yanayoonekana ya kibabe yanavuta kwa magurudumu ya mbele tu, na kwa sehemu kubwa ya nchi hiyo inatosha kabisa. Mteja anayesema tu kwamba anataka gari kubwa anaweza kupewa hilo kwa bei inayokaribia ya 4x4 asijue tofauti. Uliza moja kwa moja linavuta vipi.

Sasa upande wa pili. Kiangazi cha Costa Rica ni Desemba hadi Aprili. Kuanzia Mei mvua inaingia, na upande wa Pasifiki Septemba na Oktoba ndiyo miezi mizito. Oktoba 2017 dhoruba ya Nate ilikata barabara na madaraja sehemu nyingi za nchi. Katika miezi hiyo rasi ya Nicoya inakuwa nchi nyingine. Njia za udongo zinazounganisha vijiji vya ufukweni, kama zile za kuzunguka Nosara na Santa Teresa, zinageuka utelezi, na vijito ambavyo Februari ni kokoto kavu vinajaa. Kusini kabisa, rasi ya Osa, lami inafika Puerto Jiménez. Kutoka hapo hadi Carate, penye lango mojawapo la kuingilia hifadhi ya Corcovado, ni kuvuka maji mara kwa mara. Kisha kuna jambo ambalo ramani haionyeshi: nyumba za wageni zilizojengwa juu ya vilima kwa ajili ya kuona bahari. Barabara kuu inaweza kuwa lami safi, lakini mita mia mbili za mwisho ni mwinuko wa zege lililopasuka au udongo mtupu. Hizo mita mia mbili zimeamua aina ya gari zaidi kuliko hifadhi zote za taifa, na ndiyo maana swali la kumwandikia mwenye nyumba kabla ya kukodi ni hilo: gari dogo linafika mlangoni?

Hoja ya uhuru nayo ni ya kweli. Mwenye 4x4 akisikia kuna ufukwe mtupu nyuma ya kilima, anakwenda. Mwenye gari la chini anahesabu kwanza.

Ila uhuru huo unaishia mtoni. Mikataba ya kukodi gari kule kwa kawaida haifidii uharibifu wa maji, hata ukilipia bima kubwa kuliko zote waliyo nayo. Ukiingia mtoni na injini ikanywa maji, gharama ni yako, na gari la 4x4 si la bei ndogo. Kwa hiyo mgeni analipa zaidi kila siku kwa ajili ya uwezo ambao mkataba unamwambia asiutumie. Gari lenyewe linamtia ujasiri wa kujaribu. Mwenye gari dogo kama Yaris angeuona ule mto akageuza. Wenyeji wa Osa wana jibu lao: kutoka Puerto Jiménez hadi Carate kuna lori la abiria, na Bahía Drake, upande wa pili wa rasi, watu wengi huingia kwa boti kutoka Sierpe, gari likibaki kwenye maegesho yenye mlinzi. Corcovado yenyewe hairuhusiwi kuingia bila mwongozaji mwenye kibali, kwa hiyo huko mbele gari halina kazi.

Wala 4x4 si dawa ya hatari zote za masika. Septemba 2022, eneo la Cambronero kwenye Interamericana, maporomoko ya udongo yalisukuma basi la abiria bondeni na watu tisa wakafa. Ile ilikuwa barabara kuu yenye lami. Dhidi ya mlima unaoshuka, kinga ni kusikiliza taarifa za barabara na kutosafiri usiku. Jua kule linazama kati ya saa kumi na moja na robo na saa kumi na mbili hivi mwaka mzima, jambo lisilomshangaza mtu wa Mombasa au Kigoma, lakini ratiba nyingi za wageni hupangwa kana kwamba jioni ni ndefu.

Fedha inayowauma wageni zaidi iko kwenye bima. Mtandaoni utaona gari kwa dola chache tu kwa siku, ufurahi. Ukifika kaunta, unaongezewa bima ya lazima ya kulipa madhara ya watu wengine, ile tunayoiita bima ndogo, na mara nyingi inazidi kodi ya gari. Wengi hudhani wametapeliwa. Bima ile ni matakwa ya sheria, na hadi 2008 biashara yote ya bima nchini ilikuwa mikononi mwa shirika moja la serikali, INS. Lawama ninayoona inafaa ni kwa mitandao inayotangaza bei bila kuihesabu. Bima ya gari lenyewe ni suala tofauti: baadhi ya kadi za mkopo hulipia, ukileta barua ya benki, lakini ukiikataa ya kaunta wanazuia kiasi kikubwa zaidi kwenye kadi yako hadi urudishe gari. Mtu mwenye kadi yenye kikomo kidogo anaweza kukwama hapohapo. Kabla ya kubishana kuhusu 4x4, omba bei kamili kwa maandishi, yenye bima zote na kiasi watakachozuia.

Kuna hoja ndogo dhidi ya Suzuki Jimny, kipenzi cha wanaotaka 4x4 ya bei nafuu. Inapanda vizuri, lakini buti yake haimezi masanduku mawili, hivyo mizigo inakaa kiti cha nyuma, vioo vikiionyesha. Wizi kwenye magari yaliyoegeshwa ufukweni ni wa kawaida kule. Kwa watu wanne wenye mizigo, Jimny naikataa.

Na kwa waliojifunzia udereva Dar, Nairobi au Kampala: kule magari hupita upande wa kulia wa barabara, kama Kigali na Lubumbashi. Ongeza kidogo upate gari lisilo la kubadili gia kwa mkono. Ndiyo nyongeza ambayo sina ubishi nayo.

Kwa hiyo 4x4 nampa nani? Anayelala Osa au vijiji vya ndani vya Nicoya kati ya Mei na Novemba, na ambaye mwenye nyumba amemwambia wazi kwamba gari dogo halipandi. Wa kiangazi anayezunguka Arenal, Monteverde na Manuel Antonio achukue gari la juu la kawaida. Naye mwenye likizo ya Oktoba pekee anaweza kubadili pwani badala ya gari: upande wa Karibi, Septemba na Oktoba mvua hupungua, na kutoka Limón hadi Cahuita, Puerto Viejo na Manzanillo ni lami. Aache tu nafasi ya siku moja, kwa sababu Njia ya 32 inayopita msitu wa Braulio Carrillo hufungwa udongo ukiporomoka, na hapo itambidi azungukie Turrialba.