Usiicheke rekodi ya dabo

Mashabiki wa tenisi tuna ugonjwa mmoja, ukifungua rekodi ya mchezaji asiye na jina unakimbilia singo, yani mmoja kwa mmoja, ukikuta ni namba mia sita na kitu duniani unafunga unaenda zako. Dabo, wawili kwa wawili, hata huitupii jicho, na ukiitupia basi ni kucheka, eti kashinda mechi 10 kafungwa 18 na mapatna 12, huyu nae anafanya nini kwenye tenisi?

Yuko kazini, ndugu yangu. Shindano la M15, yani ngazi ya chini kabisa ya mapro wanaume, zawadi zote kwa pamoja ni dola 15,000. Bingwa wa singo anabeba 2,160. Mabingwa wa dabo wanapewa 930 wagawane, yani 465 kila mtu, na hapo bado hajalipa hoteli wala nyuzi za raketi. Na patna wenyewe mara nyingi kampata pale pale kwenye kujiandikisha, "una mtu?" "sina" "haya twende", kesho yake wako uwanjani wanaoneshana vidole nyuma ya mgongo kupeana ishara na mmoja hajaelewa kidole cha mwenzie maana yake nini, mpira unapita katikati yao wote wawili wanautazama tu.

Halafu sheria za dabo kwenye mashindano mengi hazina huruma. Ikifika 40-40 pointi moja tu inaamua gemu, na mkiwa mmechukua seti moja moja hakuna seti ya tatu, ni tai-breki, mnahesabu pointi moja moja mpaka kufika 10, na lazima uwe mbele kwa mbili. Kwa hiyo hizo 18 alizofungwa, ngapi zilikuwa mpira uliogonga utepe wa neti ukarudi upande wake? Rekodi haikuambii.

Mkumbuke Mkenya Angella Okutoyi, fainali ya dabo Wimbledon ya vijana 2022, yeye na Mholanzi Rose Marie Nijkamp. Seti ya kwanza wamepigwa 3-6, ya pili wakachukua 6-4, tai-breki ikaisha 11-9. Pointi mbili! Zingeangukia kule, Kenya isingekuwa na kombe hilo. Na waliofungwa sio wa mchezo, mmoja ni Victoria Mboko, yule Mkanada ambaye wazazi wake wametoka Kongo, 2025 kachukua shindano la Montreal kwa singo akimfunga Naomi Osaka fainali.

Ila anayeniuma zaidi ni Mkenya mwingine, Paul Wekesa. Singo alifika namba 100 duniani mwaka 1995, hilo wazee wa tenisi Nairobi watakuhadithia mpaka chai ipoe. Lakini miaka sita kabla ya hapo alishabeba kombe la shindano la tenisi la Seoul, 1989, dabo, yeye na Mmarekani Scott Davis. Juzi kijiweni nikauliza nani anakumbuka Wekesa alivyoshinda Seoul, kimya, mpaka mmoja akasema si Olimpiki hiyo, alikimbia mita ngapi?