Kiambishi "-gate": simu iliyopinda na rais aliyejiuzulu, kapu moja?

Tarehe 17 Juni 1972, usiku wa manane, watu watano walinaswa ndani ya ofisi za chama pinzani cha Democratic kwenye majengo ya Watergate, Washington. Agosti 1974 Rais wa Marekani Richard Nixon akajiuzulu kwa sababu ya kashfa hiyo. Jengo lenyewe halikuwa na kosa, ila nusu ya jina lake ilikatwa ikawa kiambishi tamati. Kwa Kiingereza "gate" ni geti tu, lakini likibandikwa nyuma ya neno, msomaji anajua kuna uchafu.

Wanaokitetea, wanaosema ni ufupisho tu wa wahariri, wana hoja. Malawi, mwaka 2013, ilibainika kuwa fedha za serikali zilikuwa zikilipwa kwa huduma ambazo hazikutolewa, kisha kumbukumbu za malipo zinafutwa kwenye kompyuta. Magazeti yakaiita "Cashgate". Mtu wa Lilongwe na mfadhili wa London wakawa na jina moja la wizi huo, fupi, lisilohitaji maelezo.

Lakini mwaka uliofuata, iPhone 6 Plus zilipodaiwa kupinda mfukoni, nalo likaitwa "Bendgate". Simu kupinda!

Kinachonitia shaka zaidi ni mtu aliyekieneza. William Safire, mwandishi wa safu katika New York Times, aliwahi kumwandikia Nixon hotuba. Alipoingia gazetini akawa anakibandika kwenye skendo za wengine, zikiwemo za Democratic: "Koreagate", "Billygate". Baadaye alikiri kwamba huenda alikuwa anatafuta kupunguza uzito wa makosa ya bosi wake wa zamani. Hesabu yake ni rahisi: "-gate" zikiwa nyingi, ile ya kwanza inakuwa mojawapo tu. Kwa hiyo sikubali kwamba ni ufupisho wa wahariri usio na madhara.

Huku kwetu hakikushika sana. Edward Lowassa alipojiuzulu uwaziri mkuu wa Tanzania Februari 2008 kwa sababu ya mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond, iliandikwa "kashfa ya Richmond", kama Wakenya wanavyosema "kashfa ya Goldenberg", ile ya mabilioni ya serikali kulipwa kwa mauzo hewa ya dhahabu. Ni kweli inakula nafasi kwenye kichwa cha habari, na haikwambii ukubwa wa wizi. Ila neno kashfa halijachakaa kiasi hicho: mpelekee mhariri wa Dar es Salaam "kashfa ya simu kupinda" uone kama hatakucheka.