Ndugu 0, hongera kwa kazi nzuri

Kwanza tuelewane. Ile habari mliyoletewa jana na rafiki yangu (anajijua), kwamba nimemtukana mkurugenzi kwa maandishi, ni uzushi. Sikumtukana. Nilimwita sifuri. Na si yeye peke yake. Niliwaita hivyo wafanyakazi wote 212, bila upendeleo.

Mnajua tulikuwa na zile barua pepe za shukrani za mwisho wa mwaka. Mimi kama fundi wa hifadhidata nikapewa kipande chepesi: chukua jina, chukua la ukoo, yaunganishe, yapachike baada ya "Ndugu". Nikaandika jina || ' ' || ukoo, nikajaribu kwenye kompyuta yangu, majina yakatoka yamenyooka kama gwaride. Nikapeleka kwenye seva, nikabonyeza, nikaingia kikaoni kifua mbele.

Sasa, kompyuta yangu ina PostgreSQL. Seva ya kazini ni MySQL. Zote ni programu za hifadhidata, ila kila moja na lahaja yake. Mafundi wenzangu mmeshaanza kucheka, nawasikia. Wengine subirini.

Simu ya kwanza ikatetemeka mezani. Mhasibu akaichungulia, akaigeuza kifudifudi. Ikatetemeka ya pili. Ya tatu. Nikajua barua zangu hizo zinafika, nikajiweka sawa kitini na kuandaa uso wa mtu asiyependa kusifiwa hadharani. (Ule uso niliufanyia mazoezi. Msiniulize wapi.) Mkurugenzi akachukua simu yake. Akavaa miwani. Akasoma. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa tena. Akaisogeza simu mbali, akairudisha karibu. Halafu, kwa sauti ileile anayosomea taarifa ya fedha:

"Ndugu... sifuri."

Kimya.

"Hongera kwa kazi nzuri."

Kimya kingine, kirefu kuliko cha kwanza.

"Tunatambua thamani yako."

Mhasibu akakohoa kidogo, akasema kwa upole, "Hata mimi ni sifuri, mzee." Sauti ikatoka pembeni: "Na mimi." Wakaanza kujitaja mmoja mmoja kama wanaitwa mahudhurio, na kila aliyejitaja alimalizia kwa kunitazama. Ule uso wangu wa kukwepa sifa bado nilikuwa nao. Niligoma kuuvua, maana sikuwa na mwingine.

Kilichotokea ni hiki. Kwenye MySQL, kama hujabadilisha mipangilio yake, vile vistari viwili si gundi. Vina maana ya "au". Ikayachukua majina ya watu, ikajaribu kuyageuza namba, ikaona hayana tarakimu, ikayapa sifuri. Sifuri au sifuri ni sifuri. Wala haikugoma! Ilinong'ona maonyo tu, nami nilishaondoka na kifua changu. Aliyepata 1 ni mmoja: akaunti ya majaribio niliyoibatiza "7jaribio", kwa sababu ya ile 7 ya mwanzo. Yaani kazini kwetu mwenye thamani ni mtu asiyekuwepo.

Nikakimbilia mezani kwangu, nikaweka CONCAT, amri ya MySQL ya kuunganisha maneno. Hapo ningetuma tu mambo yangeisha. Lakini dada wa utumishi akanishauri kuwa barua ya kuomba radhi inapendeza ikibeba majina matatu, heshima inazidi. Nikaongeza jina la kati. Jamani, CONCAT ya MySQL ikikuta kipande kimoja tu ni NULL (yaani hakikujazwa kitu), inavimeza vyote, unabaki na NULL. Na nani hajawahi kuandikisha jina la kati?

Eeh. Huyohuyo.

Alipokea: "Ndugu , samahani kwa kutokukutaja ipasavyo." Ndani ya nusu saa nilimtoa kwenye sifuri nikamfuta kabisa.

Barua ya tatu nilitumia CONCAT_WS, ndugu yake CONCAT, hiyo ikikutana na NULL inairuka na kuendelea na safari. Majina yalitoka safi, nafasi zote mahali pake. Hakuna aliyeifungua.

Leo asubuhi nimekutana na mkurugenzi kwenye ngazi. Nikainamisha kichwa: "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akasema, akapanda ngazi mbili, akageuka. "Leo mimi ni ngapi?"