Usinionyeshe Simu

Juzi nilikubali sare ya chesi (sataranji) na mzee mmoja kijiweni. Nilikuwa nimemzidi kete, lakini vitunda, zile kete ndogo za mbele, vimefungana ubao mzima, huku mfalme wake anahama nyumba moja, anarudi, anahama, anarudi, na mzee anakoroga kahawa. Kijana aliyekuwa pembeni akapiga picha ubao kwa simu: "Bro, umekubali sare ya nini? Mashine ya chesi humu inasema unaongoza kwa tatu, kama vitunda vitatu!"

Inasema. Mashine ni fundi wa kuhesabu, ila ukifunga uwanja kiasi kwamba jambo la maana liko hatua arobaini mbele, inabaki kuhesabu upepo. Novemba 2003 kule New York, Kasparov, bingwa wa dunia wa zamani, aliketi na miwani ya ajabu akicheza na X3D Fritz, programu ya kompyuta. Mchezo wa tatu akaufunga kwa vitunda. Fritz ilitakiwa isukume kitunda kimoja tu upande wa mfalme, ipate njia. Wapi! Kete zake zikawa zinakwenda na kurudi kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni, na Kasparov akajitembelea upande wa pili mpaka akashinda. (Mechi nzima iliisha 2-2, msije mkanirukia.)

Nakamura, gwiji wa chesi wa Marekani, ndiye aliyenichekesha zaidi. Mwaka 2008, mchezo wa dakika tatu tatu, akaiachia Rybka, programu nyingine, kete makusudi kisha akafunga milango yote. Rybka ikajiona tajiri. Sare ya hatua 50 (bila kete kuliwa wala kitunda kusogea) ilipokaribia, ikaikataa, ikavuruga ngome yake yenyewe kwa mikono yake. Hatua 271, imepigwa. Tamaa mbele, mauti nyuma, na hilo wala halihitaji umeme.

Haya, najua. Stockfish ya leo, programu ya chesi hiyo hiyo ya kwenye simu, ingemchapa Kasparov yule kabla chai haijapoa. Na mwaka 2006 Kramnik, bingwa wa dunia, alishindwa kuona kifo cha hatua moja, mfalme wake kunaswa papo hapo, mbele ya programu ya Deep Fritz. Nimekubali, tuendelee.

Maana mzee hakubishana na kijana. Alisogeza benchi: "Kaa hapa, mjukuu wangu. Shika kete za huyu, na simu yako usiifiche. Nishinde."

Mfalme akahama, akarudi. Simu bado inaandika tatu. Adhuhuri ikaadhiniwa, mzee akaondoka kuswali, na kijana ndiye aliyelipa kahawa.