Jengo walibomoa, daftari wakabaki nalo

Tarehe 15 Agosti 1995, Korea Kusini ikiadhimisha miaka 50 tangu Japani iondoke, rais Kim Young-sam aliagiza jengo la makao makuu ya gavana wa kikoloni pale Seoul lianze kubomolewa. Wajapani walilimaliza mwaka 1926 na wakalipandisha makusudi mbele ya kasri la Gyeongbokgung, yaani ukitazama kutokea mjini kasri la mfalme hulioni, unaona ofisi ya gavana. Siku hiyo kreni ikang'oa kilele cha kuba, watu wakashangilia. Kinachochekesha ni kwamba kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo 50 Wakorea wenyewe walikuwa wanalitumia, bunge la kwanza lilikaa humo, ofisi za serikali humo humo, na mpaka linabomolewa lilikuwa makumbusho ya taifa.

Mi naona kubomoa ilikuwa ndo kazi rahisi. Ukoloni wa 1910 mpaka 1945 umebaki Korea kwenye vitu ambavyo kreni haivifikii, na ugomvi mkubwa juu yake siku hizi sio wa Mkorea na Mjapani, ni wa Wakorea wenyewe kwa wenyewe.

Angalia ile hoju. Ulikuwa mfumo wa kuandikisha familia, kila kaya ina mkuu wake, mwanamke anaandikwa chini ya baba, akiolewa anahamishiwa chini ya mume, mume akifa ukuu unaenda kwa mtoto wa kiume hata kama bado ananyonya. Sikatai, mambo ya ukoo kufuata baba Wakorea walikuwa nayo toka zamani, ila hii ya kumpanga kila mtu kwenye daftari la serikali chini ya mkuu mmoja iliingia enzi za ukoloni kwa mtindo wa sheria za Japani. Wajapani wakaondoka, daftari likabaki. Na wanawake walipopigania lifutwe, waliosimama kulitetea ni wazee wafuasi wa Confucius, yule mwanafalsafa wa kale wa China, eti msituharibie mila zetu za Kikorea! Mahakama ya Katiba ikaja kusema 2005 kwamba halipatani na katiba, likafutwa rasmi 2008. Hebu piga hesabu hapo.

Sisi tunaokesha na tamthilia za Kikorea tumeshazoea, mbaya ni Mjapani mwenye buti na mwema anakufa kwa ajili ya nchi. Sawa, ila mtazame yule Mkorea anayemfungulia Mjapani mlango, maana kule hiyo ndo habari isiyoisha. Mwaka 1948 bunge lilipitisha sheria ya kuwashughulikia waliowatumikia wakoloni, ikaundwa kamati, kamati ikamkamata mpaka Noh Deok-sul, mpelelezi wa polisi wa kikoloni aliyejulikana kwa kutesa wapigania uhuru. Rais Syngman Rhee akaja juu, anataka jamaa aachiwe, kwa sababu polisi wa aina hiyo alikuwa anawahitaji dhidi ya wakomunisti. Juni 1949 polisi wakaivamia kamati yenyewe ofisini kwake na haikumaliza mwaka. Yaani waliotakiwa kushtakiwa ndo waliobaki na bunduki na mafaili, sasa hapo unategemea nini.

Afu 1961 nchi inapinduliwa na Park Chung-hee, mtu aliyesoma chuo cha jeshi Manchuria, kaskazini-mashariki ya China, chini ya Wajapani na kumalizia Japani kwenyewe, mpaka jina la Kijapani alikuwa nalo, Takagi Masao. Huyu huyu ndo wazee wengi wa Korea wanamheshimu kwamba aliwatoa kwenye umasikini, na wengine wanamwona dikteta aliyelelewa na mkoloni, na mi sioni kwa nini visiwe vyote viwili. Mwaka 1965 alisaini mkataba na Japani, dola milioni 300 za msaada na milioni 200 za mkopo, sehemu ya hela ikajenga kiwanda cha chuma cha POSCO kule Pohang, na waliofanyishwa kazi kwa nguvu kwenye migodi na viwanda vya Japani wakaambulia kidogo sana.

Wapo wanaosema bila Japani reli na bandari zingetoka wapi. Jamani, bandari ya Gunsan ilikuwa inapakia mchele wa Wakorea kupeleka Japani wakati wakulima wenyewe wanakula mtama wa kutoka Manchuria. Bandari ilikuwepo, ndio, mchele ukawa haupo.

Ndo maana Mahakama ya Juu kabisa ya Korea ilipoamua 2018 kwamba Nippon Steel, kampuni ya chuma ya Japani, iwalipe waliotumikishwa, nchi haikutulia. Japani ikasema yaliisha 1965, mwaka uliofuata ikabana kemikali za kutengenezea chipu, Wakorea nao wakasusia bia na nguo za Kijapani. Halafu Machi 2023 serikali ya Yoon Suk-yeol, rais wa wakati huo, ikaja na suluhisho lake: mfuko wa Kikorea uwalipe wazee, kampuni za Kijapani zisiguswe. Na nani alikuwa wa kwanza kuahidi hela nzito? POSCO, won bilioni 4. Kwa mahesabu inaingia akilini, hela ya 1965 imerudi kwa wenyewe. Lakini baadhi ya wale wazee waliikataa pale mwanzoni, na mi nawaelewa kabisa, deni lao hawakuikopesha POSCO.